Hela, Pesa, Shilingi: Majina ya Fedha za Afrika Mashariki Yalitoka Wapi?

Kila mara habari za sarafu moja ya Afrika Mashariki zinaporudi katika taarifa, mjadala unaofuata huchanganya mambo ambayo yangepaswa kutenganishwa tangu mwanzo. Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa saini mjini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, ikikusudia sarafu hiyo ianze kutumika mwaka 2024. Lengo hilo halikufikiwa, na sasa mwaka unaotajwa ni 2031. Katika kungoja huko yamezuka madai ya kila aina. Wapo wanaosema kwamba jambo hili halijapata kutokea katika ukanda wetu. Wapo wanaoamini kwamba shilingi ni urithi wa Wajerumani kwa sababu wamesikia kuwa neno hela lina asili ya Kijerumani. Wapo wanaodai kwamba kabla ya wakoloni watu wa hapa hawakujua sarafu ni kitu gani, na wapo wanaopima utajiri wa nchi kwa kuhesabu shilingi ngapi za jirani zinabadilishwa kwa shilingi moja ya kwao. Madai yote manne yana kasoro, ingawa kila moja lina chembe ya ukweli inayolifanya liaminike.

Njia nyepesi ya kuufungua mkanganyiko huu ni kutenganisha vitu vitatu ambavyo kwa mazoea tunaviita kwa neno moja. Cha kwanza ni jina la fedha, yaani neno tunalolitumia tunapohesabu: shilingi, senti, rupia. Cha pili ni kipande chenyewe, yaani sarafu ya madini au noti ya karatasi inayopita mikononi. Cha tatu ni thamani, yaani kiasi cha bidhaa au kazi ambacho kipande hicho kinaweza kununua. Vitu hivi vitatu havisafiri pamoja. Fikiria kibaba: wauzaji wa nafaka wamebadilisha vyombo vyao mara nyingi, kutoka kifuu hadi kopo la bati na kutoka kopo hadi kikombe cha plastiki, lakini neno limebaki lile lile, na kiasi kinachoingia ndani hutegemea mkono wa muuzaji. Fedha zetu nazo zina tabia hiyo hiyo, kwamba kipande hufa, thamani hupanda na kushuka, ila jina hung'ang'ania.

Maneno ya jumla yenyewe yanaonyesha jambo hilo. Fedha ni neno la Kiarabu lenye maana ya madini yale meupe yanayong'aa ambayo hadi leo tunayaita fedha, na ndiyo maana mfua fedha ni fundi wa mapambo, wala si mtu wa benki. Rupia, lililotoka Bara Hindi, lina mzizi katika neno la Kisanskriti lenye maana hiyo hiyo ya madini ya fedha. Sarafu limetokana na mzizi wa Kiarabu unaohusu kubadilisha, kwa kuwa aliyezijua sarafu zaidi ya wote alikuwa mvunja fedha aliyekaa bandarini akipima za kila nchi.

Sarafu za Kilwa

Dai la kwamba sarafu ni mgeni wa juzi linaanguka mara mtu anapotazama Kilwa. Kisiwani humo masultani walikuwa wakifuliwa sarafu ndogo za shaba zenye majina yao karne kadhaa kabla ya meli za Vasco da Gama kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Zilizo nyingi zaidi kati ya zilizochimbuliwa zina jina la Ali bin al-Hasan, na maandishi yake ya Kiarabu yana ufundi unaopendeza: upande mmoja una jina la mtawala na upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zimetungwa zikalingana vina, kana kwamba sarafu ni beti ndogo. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta akitawala al-Hasan bin Sulaiman, ambaye sarafu zake za dhahabu pia zimepatikana. Sarafu moja ya Kilwa iliokotwa katika magofu ya Great Zimbabwe, na mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia akaokota nyingine tano katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, ambako hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje.

Hata hivyo, chembe ya ukweli katika dai hilo ni kwamba vipande vile vya shaba vilikuwa vya matumizi ya mji na ujirani wake. Biashara kubwa ya kwenda bara ilifanywa kwa vitambaa, shanga, waya wa shaba, chumvi na majembe ya chuma, na katika eneo la maziwa makuu simbi za baharini, yaani kauri, zilihesabiwa kama fedha kamili. Mganda anayesema ensimbi leo anamaanisha fedha yoyote, ya noti au ya simu, na neno lake linabeba simbi zile zile zilizosafiri kutoka Bahari ya Hindi hadi Buganda. Kwa hiyo watu wa bara hawakukosa fedha. Walikuwa na fedha ambayo haikuwa na sura ya mfalme.

Riale, na macho ya watu wa pwani

Katika karne ya 19, Zanzibar ilipokuwa soko kuu la karafuu na pembe za ndovu, fedha iliyotawala ilikuwa riale. Neno hili limetokana na real ya Wahispania, lakini watu wa pwani walilitumia kwa kila sarafu kubwa ya fedha, na kwa sababu zilikuwa za aina nyingi wakazitofautisha kwa kile walichokiona. Sarafu ya Hispania iliyochorwa nguzo mbili waliiita riale ya mzinga, kwa kuwa nguzo zile machoni mwao zilifanana na mizinga ya ngomeni. Sarafu ya Austria yenye sura ya malkia Maria Theresa waliiita riale ya Sham. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na kwa miaka mingi baada ya kifo chake sarafu ile iliendelea kutengenezwa ikiwa na sura ile ile na mwaka ule ule wa 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi waliizoea na kuikataa yoyote iliyotofautiana nayo. Huu ni mfano mzuri wa kipande ambacho kiliaminiwa kuliko himaya iliyokitoa.

Riale iligawanywa kwa nusu, robo na thumuni, na thumuni kwa Kiarabu ni sehemu moja ya nane. Wazee waliowahi kuishika senti hamsini wakaiita thumuni, au sumuni, mara nyingi hujiuliza inakuwaje nusu ya shilingi iitwe sehemu ya nane. Jibu ni kwamba nane hiyo haikuwa ya shilingi. Riale kwa hesabu ya karibu ililingana na rupia mbili, kwa hiyo thumuni ya riale ilikuwa robo ya rupia. Rupia ilipokuja kuwekwa sawa na shilingi mbili, robo yake ikawa senti hamsini. Riale iliondoka na rupia ikaondoka, lakini sehemu yao ya nane ikahamia kwenye sarafu ambayo haina uhusiano wowote na nane.

Pesa ya mizani

Wakati riale ilifaa kwa mzigo wa karafuu, haikufaa kwa fungu la ndizi. Pengo hilo lilizibwa na sarafu ndogo ya shaba kutoka Bara Hindi iliyoitwa paisa, ambayo katika vinywa vya Waswahili ikawa pesa. Hesabu ya Kihindi ilikuwa na pesa 64 katika rupia moja. Kwa msomaji wa leo aliyezoea mamia, 64 inaonekana namba ya ajabu, lakini ina faida kubwa sokoni: inagawanyika kwa nusu tena na tena, 32, 16, 8, 4, 2, hadi kufikia moja, bila kubaki kipande. Mtu asiyejua kuandika aliweza kugawa kwa kukata nusu tu.

Mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, Sultani Barghash bin Said akatoa pesa yake mwenyewe ya shaba, yenye picha ya mizani upande mmoja. Wahindi wa Zanzibar waliokuwa na nguvu kubwa katika forodha na biashara, na baadaye makumi ya maelfu ya vibarua walioletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, wakaifanya rupia pamoja na pesa zake kuwa fedha ya kawaida kutoka pwani hadi ziwani. Waingereza na Wajerumani walipogawana eneo hili hawakukuta uwanja mtupu. Walikuta rupia imekwisha kukaa.

Hapo ndipo ilipo sehemu ya historia ambayo huwashangaza wengi. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipoanza kutoa fedha yake mwaka 1890 haikutoa marki. Ilitoa rupia yenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, yenye uzito ule ule wa rupia ya Wahindi, na ikatoa pesa ya shaba yenye tai wa Ujerumani upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Ujerumani, taifa lililokuwa likijivunia marki yake, ililazimika kuiga fedha ya jirani kwa kuwa hakuna mwenye duka Bagamoyo ambaye angekubali kitu kingine.

Hela na miaka yake kumi na miwili

Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani iliamua kuachana na pesa 64 na kuigawa rupia katika sehemu mia moja. Sehemu hizo zikaitwa Heller, jina la sarafu ndogo ya kale huko Ujerumani lililotokana na mji wa Hall, ambako sarafu hizo zilianza kutengenezwa katika karne za kati. Mswahili akalilainisha likawa hela. Kwa hiyo wanaosema kwamba hela ni neno la Kijerumani wana haki. Wanapokosea ni pale wanapolivuta kuelekea kwenye shilingi. Hela ilikuwa mtoto wa rupia, na Wajerumani hawakutumia shilingi katika koloni hili hata siku moja.

Kwa nini sarafu iliyokuwa ndogo kabisa ndiyo iliyolipatia taifa zima neno la kutajia utajiri? Sababu ni kwamba ndiyo iliyomfikia kila mtu. Kodi ya kibanda iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1890 iliwalazimisha watu ambao hawakuwahi kuhitaji sarafu waitafute, wakauze mazao au wakafanye vibarua katika mashamba ya mkonge na pamba. Mkulima huyo hakukutana na rupia kila siku. Alikutana na hela, baadhi zikiwa na tundu katikati, jambo lililowezesha kuzitunga kwenye kamba kama shanga.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, meli za Waingereza zikaizuia bahari na sarafu kutoka Berlin zikakatika. Serikali ya koloni ikahamishia utengenezaji wa sarafu Tabora, katika karakana ya reli, ambako mwaka 1916 zilifuliwa hela 5 na hela 20 kwa shaba na chuma chakavu cha rangi ya manjano kilichokusanywa, yakiwemo maganda ya risasi. Karakana hiyo hiyo ilitoa pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke. Septemba mwaka huo Wabelgiji waliiteka Tabora, na kazi ikaishia hapo. Sarafu za tembo leo zinatafutwa na wakusanyaji duniani kote, lakini kwangu mimi zile hela za manjano, zenye umbo baya na maandishi yasiyonyooka, zina simulizi nzito zaidi: ni sarafu za himaya iliyokuwa ikiyeyusha vifaa vyake yenyewe ili iweze kulipa mishahara.

Ramani ya matumizi ya neno hili inathibitisha chimbuko lake. Tanzania Bara husema hela bila kufikiri, ilhali Mombasa na Nairobi husema pesa, na Warundi, ambao nchi yao ilikuwa ndani ya koloni hilo hilo la Kijerumani, huziita fedha amahera. Mpaka wa wakoloni ulikwisha kufutwa na kuchorwa upya, na bado unasikika katika neno la mtu anayedai chenji yake.

Shilingi iliingiaje?

Upande wa Waingereza nao waliendelea na rupia, na katika muongo wa kwanza wa karne ya 20 wakaigawa katika senti mia moja. Kwa sababu hiyo senti yetu ina umri mkubwa kuliko shilingi yetu; ilizaliwa ikiwa sehemu ya rupia. Rupia moja ilikuwa imefungwa kwenye shilingi 1 na peni 4 za Uingereza, yaani rupia 15 kwa pauni moja, na mambo yakaenda hivyo hadi vita.

Baada ya vita bei ya madini ya fedha ilipanda sana duniani, na rupia, ambayo ilikuwa ya madini hayo, ikapanda nayo. Tatizo lake linaeleweka vizuri kwa mfano wa hesabu. Mlowezi wa Kenya aliyekopa rupia 1,500 benki kabla ya hapo alikuwa anadaiwa pauni 100. Serikali ilipoamua mwaka 1920 kuiweka rupia kwenye shilingi 2 za Uingereza, mtu yule yule, kwa deni lile lile la rupia 1,500, akajikuta anadaiwa pauni 150, huku kahawa au mkonge wake ukiuzwa London kwa pauni. Walowezi walipiga kelele nyingi. Serikali, badala ya kurudi nyuma, iliifuta rupia na kuweka sarafu mpya iliyoitwa florini, yenye thamani ya shilingi 2. Kisha, kabla florini haijazoeleka, ikaigawa vipande viwili na kutoa shilingi ya Afrika Mashariki, ambayo sarafu zake zina tarehe ya 1921. Shilingi ishirini zikawa pauni moja.

Katika fujo hiyo aliyeumia pasipo kusikilizwa alikuwa kibarua. Mwaka 1921 waajiri wa kizungu nchini Kenya waliamua kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Theluthi hiyo haikutoka hewani: ukiondoa theluthi katika shilingi 2 unabaki na shilingi 1 na peni 4, yaani thamani ya rupia ya zamani. Waajiri walikuwa wakijirudishia kupitia mishahara kile ambacho serikali iliwanyima kupitia sarafu. Hasira iliyotokana na uamuzi huo ni miongoni mwa mambo yaliyompa mwanaharakati Harry Thuku wafuasi, na kukamatwa kwake Machi 1922 kulifuatwa na risasi na vifo katika mitaa ya Nairobi. Ni nadra kwa mjadala wa kiwango cha ubadilishaji kufika umbali huo, na pengine ndiyo sababu ninaona historia ya shilingi inastahili kufundishwa zaidi ya ilivyo sasa.

Jina lenyewe, shilingi, ni la kale sana huko Ulaya. Austria nayo iliitumia hadi mwaka 2002. Lakini shilingi yetu haikuwa nakala ya ile ya Uingereza. Ya Uingereza iligawanywa katika peni 12, ya kwetu katika senti 100 tangu siku ya kwanza. Waingereza wenyewe waliifuta shilingi tarehe 15 Februari 1971, kwa hiyo anayeitafuta leo hawezi kuipata London. Ataipata Kenya, Uganda, Tanzania na Somalia. Hata alama ya /= tunayoiandika baada ya bei ni mabaki ya uandishi wa Waingereza, ambao waliandika 5/- kwa maana ya shilingi tano bila peni: mkwaju ulitenga shilingi na peni, na kistari kilionyesha kwamba peni hazipo. Sisi hatukuwahi kuwa na peni za kutenga, lakini mkwaju tuliuchukua, na kistari tukakiongeza kikawa viwili.

Umoja uliokuwapo, kisha ukagawanyika

Shilingi hiyo ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 na kuwa na makao yake London hadi ilipohamia Nairobi mwaka 1960. Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia sarafu moja, ile yenye simba mbele ya milima, na senti zenye tundu zilizozungukwa na pembe za ndovu. Zanzibar iliendelea na rupia yake hadi mwaka 1936, ilipobadilishwa kwa kiwango cha shilingi moja na nusu. Kwa maana hiyo, anayesema sarafu ya pamoja itakuwa kitu kipya kabisa anasahau kwamba ilikuwapo kwa zaidi ya miaka arobaini, na kwamba mzee aliyezaliwa kabla ya uhuru aliweza kutoka Tanga hadi Jinja bila kuvunja fedha njiani.

Swali la haki ni kwa nini basi iliachwa, na jibu limo katika namna bodi ile ilivyofanya kazi. Fikiria chumba cha kuhifadhia mizigo kituoni: ukiacha mzigo unapewa kibao chenye namba, ukirudisha kibao unapewa mzigo wako, na mhudumu hana ruhusa ya kutoa kibao pasipo mzigo. Bodi ilikuwa mhudumu huyo. Shilingi ilitolewa kwa kadiri ya pauni zilizowekwa London, na serikali za hapa hazikuwa na uwezo wa kuamua kiasi cha fedha kilichozunguka katika nchi zao, wala kukopesha uchumi wao nyakati ngumu. Mfumo huo uliipa shilingi uthabiti, lakini uthabiti wenyewe uliamuliwa kwingine. Baada ya uhuru kila serikali ilitaka chombo chake, na shirikisho la kisiasa ambalo lingeweza kumiliki benki kuu moja halikupatikana. Mwaka 1966 benki kuu tatu zikafunguliwa: ya Tanzania mwezi Juni, ya Uganda mwezi Agosti na ya Kenya mwezi Septemba. Kila moja ilitoa shilingi yake, na siku ya kwanza zote tatu zilikuwa na thamani sawa.

Hapa ndipo linapotokea kosa la nne nililolitaja mwanzoni. Kwa kuwa zilianza sawa na leo shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa zaidi ya shilingi kumi za Tanzania, na kwa nyingi zaidi za Uganda, wengi wanahitimisha kwamba pengo hilo ndilo pengo la utajiri. Tofauti hiyo inaeleza kweli jambo moja, kwamba katika miaka iliyopita baadhi ya nchi zilipata mfumuko wa bei mkubwa na kushusha thamani ya fedha zao zaidi ya nyingine. Haielezi hali ya mwananchi wa leo. Mkate uliokatwa vipande vinne na mkate uliokatwa vipande ishirini ni mikate miwili iliyo sawa. Anayejivunia kipande kikubwa bila kuuliza ana vipande vingapi hajapima chochote. Uganda ilidhihirisha hilo mwaka 1987 ilipobadilisha fedha yake kwa kutoa shilingi moja mpya kwa kila mia moja za zamani. Sifuri mbili ziliondoka usiku mmoja, na hakuna aliyeamka tajiri kwa sababu hiyo.

Dala, na safari ya jina

Kuna jina jingine la fedha ambalo wakazi wa Dar es Salaam hulitamka kila siku bila kulihesabu kuwa la fedha. Sarafu ya shilingi tano iliitwa dala, kutokana na dola, kwa kuwa kulikuwa na wakati ambapo dola moja ya Marekani ililingana na shilingi tano hivi. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mabasi ya watu binafsi yalipoanza kupakia abiria jijini, nauli yake ilikuwa dala, na wapiga debe wakainadi kwa kuirudia: dala, dala. Nauli ilipanda na kupanda tena, sarafu ya tano ikakosa cha kununua, na gari likabaki na jina. Dola yenyewe inatokana na thaler, na thaler ni kifupi cha jina la bonde la Joachimsthal, mji wa machimbo ya fedha ulioko katika nchi ya Ucheki ya leo, ulioanza kutoa sarafu kubwa za fedha mwanzoni mwa miaka ya 1500. Riale ya Maria Theresa nayo ilikuwa thaler. Kondakta anayegonga bodi ya gari pale Kariakoo anataja bonde la Ulaya mara mbili kwa kila safari.

Pesa nayo, ile ya shaba yenye mizani, iliyokuwa sehemu moja tu ya 64 ya rupia, ilipewa uhai mpya mwaka 2007 pale huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanzishwa Kenya kwa jina la M-Pesa. Sasa haina mwili wowote. Haina shaba, haina karatasi, na bado hakuna anayeshindwa kuielewa.

Serikali za Jumuiya zitakapofika mahali pa kuipa jina sarafu ya pamoja, bila shaka patakuwa na kamati, mapendekezo na kura. Yafaa wajumbe wake wakumbuke majina mawili yaliyoletwa kwa amri ya serikali ndani ya miaka ishirini. Florini ilitangazwa kwa sheria, ikachapwa, ikafuliwa, na leo ni mwanahistoria pekee anayeitaja. Hela ilidumu kama sarafu kwa miaka kumi na miwili tu, kisha himaya iliyoitoa ikafukuzwa, na asubuhi hii kuna mtoto aliyemwomba mama yake hela ya daftari.